Mende Wachanga wa Bi Saadiya

Serikali ilitangaza, kwa mpiga mbiu na kwa karatasi zilizobandikwa kila pembe ya soko la Kariakoo, kwamba suala la mende limetafakariwa na kumalizwa. Mende mzima mwenye mabawa atahesabiwa kuwa msafiri; mwenye nyumba hataulizwa. Mende mchanga hana mabawa, kwa hiyo amezaliwa humo humo. Nyumba yenye wazaliwa itafungwa siku kumi na nne, wenyewe wakatafute pa kujistiri.

Bi Saadiya binti Mbaruk aliona amri ina akili. Nyumba yake ilifagiliwa mara tatu kwa siku, na Ijumaa ile bintiye Azza alikuwa anaolewa. Jumatatu Bwana Afya, Theophil, akapiga hodi, akachungulia nyuma ya mtungi, akainuka na vitoto viwili vya mende ndani ya chupa.

"Wazaliwa," alisema.

"Hao wametoka kwa jirani, Bwana Afya."

"Kwa miguu?"

"Wanayo sita kila mmoja."

Theophil akaandika kwamba mhusika amekiri idadi ya miguu.

Wageni wa Unguja walikuwa wameshapanda meli. Kesho yake Bi Saadiya akavaa buibui, akaenda Idara ya Wadudu wa Majumbani kujitetea. Bwana Mkubwa, Mzungu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza faili lake. Theophil akavuta droo ya kabati.

Mafaili ya idara yalibandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Vitoto vya mende vilimwagika, vingine vidogo kama ufuta, vikapita juu ya amri yenyewe, vikaingia katika mkono wa koti la Bwana Mkubwa.

"Bwana Afya, wewe una macho mazuri," alisema Bi Saadiya taratibu. "Hawa wana mabawa?"

Theophil aliipenda kazi yake. Aliinama, akatazama sana.

"Hawana," alisema, akatoa kalamu.

Ofisi ikafungwa siku ile ile, faili la Bi Saadiya likiwa ndani bila sahihi ya kuifunga nyumba yake. Jumatano serikali ilifanya kazi uwanjani Mnazi Mmoja, upepo ukagawa barua kwa wapita njia. Alhamisi Bwana Mkubwa akasimama mlangoni kwa Bi Saadiya, kofia mkononi, kuomba hifadhi. Kwa maandishi ya Theophil, hiyo ndiyo nyumba pekee mjini ambayo wazaliwa wake wote walikuwa wameshakamatwa.

"Karibuni uani," alisema Bi Saadiya. "Makabati yabaki nje."

Uani kwenye harusi hakuna anayekaa bure. Theophil alipewa vitunguu, na Bwana Mkubwa akakalishwa juu ya mbuzi, akune nazi.