Kamati ya Maneno Laini

"Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba, kuanzia tarehe ya waraka huu, katika kituo chetu cha huduma za saratani kwa jamii hakuna tena saratani."

Waraka huo niliuandika mimi. Wagonjwa walikuwepo bado, dawa zilikuwepo siku zilipokuwepo, na foleni ilikuwa palepale. Kilichoondolewa ni neno.

Hatua hiyo ya kihistoria ilifikiwa na Kamati ya Maneno Laini, ambayo mimi nilikuwa katibu wake. Sipendi kujisifu, lakini nitajisifu kidogo. Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na mtoto mgongoni, na pia nilikuwa mgonjwa. Mwenyekiti alihitaji mgonjwa mmoja kwenye kamati ili ionekane wagonjwa wameshirikishwa. Aliponiona nimeshika kalamu akasema, "Huyu anafaa. Ana ugonjwa na ana mwandiko."

Ugonjwa nilikuwa nao kweli. Kinundu kwenye titi la kushoto, nilichodhani ni maziwa yaliyoganda, maana mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameacha kunyonya. Nilikikanda kwa maji ya moto wiki sita. Hakikukandika. Majibu yalipotoka daktari alisema tumekiwahi, ila kitolewe upesi. Kilichobaki ni fomu na tarehe.

"Fomu uijaze kwa lugha ya kamati," mwenyekiti akaniagiza. "Uwe mfano."

Lugha yenyewe niliitunga mimi. Saratani ikawa "hali husika". Uvimbe ukawa "ongezeko". Upasuaji ulitutoa jasho vikao vitatu, mpaka nilipopendekeza "punguzo". Wajumbe walipiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikaandika na kipeperushi, *Mambo Ambayo Mgonjwa Mpya Anapaswa Kujua*, kurasa nne, moja ikiwa picha ya mwenyekiti. Mlangoni kikapigiliwa kibao: KITENGO CHA HALI HUSIKA. PUNGUZO HUTOLEWA KILA JUMANNE.

Jumanne ya kwanza walifika watu mia mbili, wengi wao na vikapu.

"Punguzo la nini?" mama mmoja akamuuliza mlinzi.

"La ongezeko," mlinzi akajibu, macho kwenye kipeperushi changu.

"Ongezeko la bei ya unga?"

"Mama, mimi nasoma tu."

Mwenyekiti alihesabu vichwa kupitia dirishani, akaripoti kwamba mwitikio wa jamii umevuka lengo. Wagonjwa wenyewe walipita mbele ya kibao mara mbili tatu, wakarudi nyumbani wakidhani kituo kimehamishwa. Hilo halikuripotiwa, kwa kuwa fomu ya ripoti haina safu ya waliorudi.

Fomu yangu niliijaza kwa mwandiko wa kupendeza: "Mwombaji ana ongezeko upande wa kushoto, anaomba punguzo la haraka." Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Mume wangu, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na grisi nyingi, akauliza, "Tarehe?" Nikamwambia taratibu zinaendelea. Wiki ya tatu akauliza tena, safari hii bila kunitazama usoni. Nikajikuta kidole kimeenda chenyewe kwenye kinundu. Kilikuwa kimekua; hakikuisubiri kamati.

Nikamwendea nesi, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja kwa sababu alikuwa na kazi. Tuliitafuta fomu chumba kwa chumba, tukaikuta ofisi ya utumishi, imegongwa muhuri mwekundu: OMBI LA ONGEZEKO LA MSHAHARA. LIMEKATALIWA.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, nani kaandika upuuzi huu?"

"Katibu," nikasema.

"Mwambie akome."

"Ameshakoma."

Akanipa fomu nyingine. "Andika kama unavyomwambia mama yako. Nini, wapi, tangu lini. Na ukiingia kwa daktari, ingia na mtu wako, maana masikio ya mgonjwa hujaa haraka. Maswali yaandike kabisa kwenye karatasi. Kuuliza si utovu wa adabu."

Katika kurasa zangu nne halikuwemo hata moja kati ya hayo.

Nikaandika: saratani, titi la kushoto. Nesi akaingia nayo kwa daktari, nikabaki kwenye benchi.

Hapo ndipo alipotokea mwenyekiti, bila tai, bila msaidizi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameulizia njia kwa lugha ya kamati, akaelekezwa stoo, na kutoka stoo akaelekezwa kantini.

"Binti yangu," akanong'ona, "ni hapa kwenye punguzo?"

"Punguzo la nini, mzee?"

"La ongezeko." Akagusa shingo, juu kidogo ya kola. Mkononi alikuwa na bahasha ya majibu iliyokunjwa mara nne. "Ninalo tangu kabla ya kamati."

Nilikuwa na haki zote za kucheka. Nikasogea, nikampa nafasi.

Nesi akatoka. "Mwanangu, umepata tarehe. Jumanne hii, saa mbili asubuhi."

"Jumanne?" mwenyekiti akashtuka, kwa mazoea tu. "Jumanne si tuna kikao?"

"Nitatoa udhuru, mzee."

"Udhuru bila sababu haupokelewi. Kanuni unazijua."

"Upasuaji," nikasema. "Nina saratani ya titi."

Mwanamke aliyekuwa anapita mlangoni akasimama ghafla. "Kumbe ni hapa!" akapiga kelele. "Dada! Dada, rudi, ni hapa!"

Wakaingia wawili, nyuma yao mzee mmoja na mkongojo, nyuma yake kijana na mama yake. Benchi likajaa.

Nesi akafungua daftari. "Na wewe, baba? Una shida gani?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Katibu, kwenye muhtasari wa Jumanne, niandike na mimi. Wasiohudhuria kwa udhuru."

"Sababu, mzee?"

Akaitazama dari, akaitazama bahasha. Kisha akalitamka, silabi moja moja, kama mwalimu anayesomesha imla.

"Baba, ongeza sauti," nesi akasema. "Huku nyuma hatujasikia."

Akaongeza. Kwa kuwa mwenyekiti na katibu wote walikuwa na udhuru, Jumanne akidi haikutimia.