Kelele za Wakwe

Jumatatu, tarehe 3

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Muziki ni mimi! Nimemwambia baba yake, mwanangu, naye alinyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Nyimbo elfu mbili zimo kwenye kompyuta ya mwanangu. Fujo tupu. Kila wimbo una kisanduku cha aina, na ndani wameandika rumba, jazi, kwaya. Rumba ndiyo nini? Hainiambii kama ni wimbo wa kulia chakula au wa kukimbia. Nitazipanga upya. Darasani niliishia la pili, lakini sikio langu ni la chuo kikuu.

Jirani yangu Sindano, fundi cherehani, kajitolea kunisaidia. Eti kashapiga muziki kwenye harusi tano. Nikamwambia arudi kwenye vifungo vyake.

Jumanne, tarehe 4

Mke wangu kasema, mzee, usijikune pasipokuwasha. Nimejikuna. Aina mpya: "Za kula." "Za kutembea polepole." "Mbuzi kafungwa", maana mwimbaji analia hivyo hivyo. Hapo hata mgeni anaelewa! Nimemaliza mia mbili. Macho yanatoa machozi.

Alhamisi, tarehe 6

Wakwe, wazazi wa bwana harusi, wameleta nyimbo zao wanazozipenda. Arobaini. Nikazipokea kwa mikono miwili, heshima tele. Walipoondoka nikasikiliza. Lahaula! Baba mkwe anapenda filimbi. Zote nimezitia aina moja: "Kelele za wakwe, vumilia." Ukweli haupambwi.

Sindano kachungulia dirishani, akauliza kama watu watayaona maandishi hayo. Nikamjibu kompyuta ni kama tumbo, yaliyomo hayaonekani. Akacheka sana. Wivu!

Jumamosi, tarehe 8

Ukumbi umefurika. Hakuna aliyeniambia kwamba maandishi ya kompyuta yatamulikwa ukutani. Ukuta mzima! Maharusi wakaingia, na juu yao: ZA KUTEMBEA POLEPOLE. Wakatembea polepole. Makofi. Nikavimba.

Ikafika zamu ya wakwe. Nikabonyeza. KELELE ZA WAKWE, VUMILIA. Herufi kubwa kama milango. Mama mkwe akaisoma kwa sauti, neno moja moja. Ikabaki filimbi tu.

Mwanangu akaninong'oneza, Baba, zima. Kuzima sikujua. Nikabonyeza aina nyingine: ZA MKE WANGU AKINUNA. Mke wangu akainuka.

Bibi harusi kainama, mabega yanatikisika. Moyo ukanipasuka: nimemharibia siku yake! Kumbe anacheka, shela imeshamwanguka. Baba mkwe akanijia, uso mkavu. Akauliza, sasa mzee, hotuba yangu utaiweka aina gani? Nikaomba radhi mpaka koo likakauka. Sindano alikuwa keshakalia kiti changu.

Jumapili, tarehe 9

Nimenyang'anywa kompyuta. Mtaa mzima unamsifu Sindano. Mke wangu ananuna, na hakuna hata wimbo wa kumpigia.

Nimekaa nikalitafuta kosa langu, nikalipata. Aina zilikuwa chache! Wakwe wote kapu moja, ndiyo maana wote wakakasirika. Ningempa kila mmoja aina yake, wangekasirika mmoja mmoja.

Mjukuu wa pili anaolewa Desemba. Nimemwomba Sindano aniazime kompyuta yake nifanye mazoezi. Kakubali, masikini, hana hili wala lile. Ina nyimbo elfu nne. Aina ya kwanza nimeshaiandika: "Nyimbo za Sindano, ziba masikio."