Mjusi wa Ivy Katika Kibanda cha Kamanda

Jumatatu, 6 Oktoba

Kamanda bado hajarudi. Wiki nzima sasa! Mbwa mwenye meno yote, mwenye kibao chake langoni, MBWA KALI, ametoroka na kuniachia kibao. Bwana Harbans, mwenye godauni, akijua, nimefukuzwa. Mlinzi wa mchana bila mbwa ni nini? Ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Tena mapafu ya Kamanda bado yanaletwa kutoka buchari kila siku, nami nayakaanga na kitunguu. Sioni haraka ya kutangaza msiba.

Leo Mungu amenikumbuka. Mpwa wangu Ivy, anayesoma chuo kule Kibabii, ameniletea mjusi wake akaukie rangi hapa godauni. Atamchukua Jumatatu ijayo kwa maonyesho. Ni sanamu ya dainosa mla nyama, mdogo, wale wa mwanzo kabisa. Waya, karatasi na gundi, meno ya plasta. Urefu wake ni wa mbwa. Ivy anasema hiyo ni moja kwa tatu tu, mwenyewe alikuwa mara tatu ya hapo. Mara tatu! Nilikaa chini.

Nikiwa huko chini nikaona kibanda cha Kamanda. Kina giza ndani. Wazo hilo!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemtia kibandani, mkia nje. Kwa mbali ni mbwa kabisa. Kwa karibu sijui, sikaribii. Macho yake ni gololi za manjano na yananifuata hadi chooni.

Khisa, mlinzi wa jirani, ambaye kazi yangu anaitamani tangu zamani, ameuliza juu ya ua mbona Kamanda habweki. Nimemjibu kwamba mbwa mkali kweli hana haja ya kelele. Akasema, "Ati hata mkia hautikisiki?" Nikamwambia atikise wake. Halikuwa jibu zuri lakini lilikuwa limeshatoka.

Kabla ya kufunga kazi nimemwekea mjusi kipande cha pafu. Kwa heshima tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Pafu limeliwa! Sahani imelambwa! Mwandiko huu nitaurekebisha nikiwa hai. Nimemfunga mjusi mdomo kwa kamba ya gunia, macho yangu nimeyafumba muda wote.

Halafu balaa la pili. Makokha, msimamizi wetu, mtu wa Bungoma, amepita akasema, "Jumamosi ni kula hapa, bana. Kila mtu. Bwana Harbans mwenyewe anakuja." Akaenda zake akicheka.

Mjinga angefurahi. Mimi namjua Makokha. Lori kwake ni roli. R yake ni L na L yake ni R. Mimi nimezaliwa hapa Kitale, herufi zangu ziko mahali pake. Basi nikageuza. Si kula. Ni KURA! Watu wapige kura kuhusu nini? Kuhusu mlinzi! Mimi au Khisa!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeanza kampeni. Nimewanong'onezea wapakiaji wa magunia wanikumbuke Jumamosi. Wabwile, mkubwa wao, naye wa Bungoma, akajipiga kifua, "Mimi kula yangu ni mara mbili!" Mara mbili ni wizi wa kura. Lakini ni wa upande wangu, nimempa mkono.

Nimemwendea pia Sellah, anayeuza chai langoni, ambaye moyo wangu unamjua lakini yeye haujui. Nimemkonyeza nikimwambia Jumamosi afanye uamuzi wa busara. Ameniuliza kama jicho linauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pafu la jana nalo limeliwa, na kamba bado iko mdomoni! Anakula na mdomo umefungwa! Kutwa nimelinda godauni nikiwa juu ya magunia ya mahindi, karibu na paa. Khisa ameniuliza nalinda nini huko. Nimesema najilinda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu, aibu. Ilikuwa kula! Bwana Harbans amepata mjukuu. Wali, dengu, chapati, kuku. Sikuona hata sanduku la kura. Nami nilikuwa nimeshasimama kuanza hotuba, watu wakadhani nataka kuombea chakula, wakainamisha vichwa. Ikabidi nisali.

Kisha Bwana Harbans akakusanya mifupa ya kuku ampelekee Kamanda kwa mkono wake. Kabla hajafika, kutoka shimo lililo nyuma ya kibanda, chini ya ukuta, akatokea Kamanda mwenyewe! Mbavu nje, pua hewani. Kumbe ndiye aliyekuwa akiingia gizani kula pafu! Sasa, mchana, akaona kuna mpangaji nyumbani kwake. Sijawahi kumsikia akibweka vile. Akamvuta mjusi shingo hadi katikati ya wageni, kichwa kikang'oka, kamba bado mdomoni.

Bwana Harbans akatazama kichwa. Akatazama mbavu za Kamanda. Akatazama tumbo langu. Akauliza taratibu mapafu yalikuwa yakiliwa na nani. Nikamwonyesha mjusi. Wabwile alipaliwa na chapati.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ivy amemchukua mjusi vipande viwili. Hakuniita anko. Atasema hayo ni majeraha ya vita. Nilikuwa nikisubiri hukumu, na saa sita Makokha ameileta. Safari hii hakucheka.

"Bwana Harbans anasema, kuanzia mwezi ujao utafute mahari pengine."

Nilitaka kugeuza herufi, nikajizuia. Nimejifunza! Makokha hageuzwi. Alisema kula, ikawa kula. Sasa akisema mahari, ni mahari. Na neno "pengine" linaonyesha hanilazimishi, ni ushauri wa mzazi. Bwana Harbans ameona umri wangu, ameona ninavyomtazama Sellah, anataka nioe! Mimi niliyedhani nitafukuzwa!

Nimemwambia Sellah kwamba tajiri wangu mwenyewe amenituma nitafute mahari. Ameweka birika chini na kunitazama kwa huruma nyingi. Huruma ni mwanzo mzuri. Kesho naenda Bungoma kumwona baba yake.

Khisa naye kumbe ni mtu mwema. Ameshaleta godoro lake chumbani kwangu hapa godauni, na mnyororo mpya wa Kamanda, nadhani ili nisafiri bila wasiwasi. Nimemwachia funguo zote. Kwa mara ya kwanza tangu Kamanda atoroke, siogopi kitu.