Bunduki ya Nne

Jumapili, 3 Agosti 2025. Jakobsberg, Uswidi.

Naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa haraka. Nilipokuwa nikitoka ibadani alinipigia simu Hanna, kiongozi wa kikundi chetu cha wawindaji. Nafasi ya kudumu imebaki moja, nasi wageni tu wawili: mimi, na Sixte wa mtaa wa Tensta, Mrundi aliyefaulu mtihani wa uwindaji juzijuzi tu. Atakayempata älg siku ya kwanza ya msimu ndiye atakayebaki. Mwingine atashukuriwa.

Älg ni mnyama wa huku: umbo la paa, kimo cha farasi, pembe kama makarai mawili. Misimu minne nimemvizia. Misimu minne amenitazama, kisha akaenda zake. Nimetafakari sana, tena kwa unyenyekevu. Kosa ni la bunduki.

Jumanne, 5 Agosti.

Katika kabati la chuma linalotakiwa na sheria zimo tatu. Ndogo ya sungura. Ya kukunjuka katikati, yenye risasi moja tu. Na ya zamani ya jeshi la huku, nzuri lakini ina umri wangu. Ya nne iwe ya aina gani?

Muuza bunduki alinionyesha aina tatu. Ya komeo, ya kukokwa kwa mkono kila risasi, ya wastani, ambayo kila mtu anayo. Inayojipakia risasi yenyewe. Na nzito, ya risasi nene kama kidole, ambayo alikiri kwamba humpiga mpigaji begani. Nilimshukuru. Nilimwomba radhi kwa kumpotezea saa mbili. Sikuchagua.

Marehemu mke wangu Elise ndiye aliyechagua kila kitu nyumbani humu, hata soksi zangu. Basi nilimpigia binti yetu Josefin. Alijibu kwa Kiswidi, neno moja: nej, hapana. Nilimfafanulia kwamba sikuuliza kama ninunue, bali ninunue ipi. Akarudia neno lile lile.

Jumamosi, 16 Agosti.

Hila! Mungu anisamehe.

Sixte alinitembelea, na unga wa muhogo mkononi. Alikaa miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi kwetu Kasulu, na huko alijifunza adabu. Shikamoo mlangoni. Shikamoo tena baada ya kuketi. Akalitazama kabati langu lililokuwa wazi, akacheka, akasema, "Mzee wangu, kabati limeshiba kuliko wewe." Nilitabasamu Kikristo.

Kisha akaniomba ushauri. Yeye hana bunduki hata moja, anunue ipi? Nikamshauri, kwa sauti ya baba, achukue ile nzito. Itamvunja bega! Atafumba macho kabla ya kufyatua! Alinishukuru kwa mikono miwili. Dhamiri ilinisumbua mpaka saa kumi. Nikanywa chai, nikapona.

Jumatano, 1 Oktoba.

Polisi wamempa Sixte leseni. Amekwisha kufanya mazoezi ya shabaha. Bega halikuvunjika. Kazi yake ni kuhamisha watu nyumba. Hubeba piano ngazini. Hilo sikulizingatia.

Mimi sijatuma ombi. Jumatatu huwa nataka ya komeo; ikifika Ijumaa nataka inayojipakia. Fomu nne nimezichana. Hata nikituma leo, jibu halitafika kabla ya msimu.

Nilimweleza Hanna, nikiomba radhi. Alisema ile ya jeshi inawaua älg tangu enzi za babu yake. Nisihangaike. Nizingatie jambo moja tu: nikiwa kituoni kwangu, nisiseme neno. Alilirudia mara tatu. Sikuelewa sababu.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Nimevuliwa nguo!

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mimi juu ya kigoda changu, redio ya kikundi kifuani, waya wake sikioni. Sixte kituo cha pili, ng'ambo ya kinamasi. Kimya. Ndipo älg akatokea. Dume! Hatua sitini. Ubavu wote mbele yangu, kana kwamba anapigwa picha. Niliinua bunduki ya jeshi. Nikashusha pumzi. Kidole kikagusa.

Sauti ya Sixte ikanong'ona sikioni: "Shikamoo, mzee wangu."

Ningefanya nini? Shikamoo haiachwi hewani. Nilishusha bunduki, nikabonyeza redio, nikaitikia marahaba. Akauliza nimeamkaje. Nimeamka salama. Na mgongo? Unaendelea vizuri. Na dada Josefin? Hajambo, namshukuru Mungu. Nilijibu kwa sauti ya kutosha, maana kumnong'oneza anayekujulia hali ni dharau. Nami nikamuuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Anao watano.

Nilipoinua macho, älg alikuwa akitimua mbio kuelekea ng'ambo ya kinamasi. Ukasikika mlio mmoja. Mzito.

Sixte alikuja kunipa mkono. Akasema, "Asante kwa ushauri, mzee. Na kwa maongezi."

Jumapili, 19 Oktoba.

Nafasi imekwenda kwa Sixte. Hanna alikuja nyumbani mwenyewe, na kilo mbili za nyama ya yule dume. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Bunduki zangu hazina kosa. Kosa ni mdomo. Mwakani mzee mmoja anastaafu, nami nitaruhusiwa kujaribu tena, kwa sharti kwamba redio ibaki garini.

Sikumpinga mgeni aliye mezani kwangu. Lakini mtu atakubalije kuamkiwa msituni asiitikie? Redio nitaichukua. Hanna ni mwanamke mwema, ameua älg arobaini. Kwa habari za bunduki, hata hivyo, hajui kitu.

Ushahidi uko wazi. Bunduki zangu tatu: misimu mitano, älg hakuna. Bunduki ya Sixte: asubuhi moja, älg mmoja. Hatimaye nimechagua!

Nilimpigia kumwomba aniuzie. Tulijuliana hali dakika arobaini. Akakubali mara moja, kijana muungwana yule. Alisema yeye sasa atatafuta ya zamani ya jeshi, kwa kuwa Hanna ameisifu sana. Nilimhurumia, lakini sikumwambia.

Fomu ya polisi imejazwa, haina hata neno moja lililofutwa. Penye sababu ya kuhitaji silaha ya nne nimeandika, kwa ukweli niliofundishwa misheni: "Bunduki hii, waheshimiwa, imekwisha kuijua kazi."