Mtoto wa Nne

Jumatatu, tarehe 3

Leo nimepelekwa kliniki. Nasema nimepelekwa makusudi.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la pili. Ameshaomba ruhusa mara nne kwa ajili ya sindano moja ya binti yetu, ile ya pili ya nimonia. Ilitakiwa achomwe akiwa na wiki kumi. Sasa ana miezi minne. Mara ya kwanza chanjo haikuwepo. Mara ya pili haikuwepo. Mara ya tatu ilikuwepo, ila muuguzi alikuwa semina. Mara ya nne muuguzi alikuwepo, chanjo ikawa imekwisha tena. Mwalimu mkuu amemwambia achague: mtoto wake mmoja nyumbani au watoto wake hamsini na sita darasani.

Kwa hiyo zamu yangu. Nilimwambia mke wangu kwamba wengine huenda kliniki kuomba, mimi nakwenda kumaliza. Alinipa kadi, nepi tatu na mtoto.

Nimerudi saa saba mchana. Nepi zimekwisha. Sindano hakuna.

Muuguzi, ambaye kila mtu anamwita Sista, alinieleza taratibu kama anayeongea na mgonjwa. Chanjo imefika. Lakini chupa moja ni ya watoto wanne, na hapo kwao chupa ikishafunguliwa hailazwi, maana friji yao hawaiamini. Kitakachobaki jioni kinamwagwa. Chupa zenyewe amepewa mbili. Hivyo hafungui mpaka watoto wanne wawe kwenye benchi kwa wakati mmoja.

Tulikuwa na watatu. Binti yangu, na mapacha wa mke wa mwashi, mama mwembamba anayetembea kutoka kule machimboni na mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Tumekaa chini ya mizani ya watoto mpaka benchi likanichora mistari.

Anakosekana mtoto mmoja tu. Mimi ndiye ninayechonga mihuri ya nusu ya ofisi za mji huu. Nishindwe na mtoto mmoja?

Jumanne, tarehe 4

Mke wangu anasema mtoto wa nne yuko ng'ambo ya barabara. Binti wa Rangi. Amemzidi wetu siku tisa na yeye pia hajapata.

Nimemwambia ajaribu kunipa wazo lingine.

Niweke kumbukumbu sawa. Mtaa huu ulikuwa na duka moja la kopi na mihuri, langu. Kisha akaja huyu bwana na mashine ya kutoa kopi za rangi, akafungua mlango unaotazamana na wangu. Mtaa mzima ukamwita Rangi. Akabandika tangazo dirishani: "Huku rangi, kule kivuli." Kule ni kwangu. Mtu wa namna hiyo humwendei kwa shida ya mtoto. Atakusaidia, halafu utasikia habari zake mpaka uzeeni.

Nikatumia kichwa. Nimeandika barua ya Kamati Kuu ya Wazazi, inamwagiza Sista afungue chupa kwa mtoto yeyote atakayefika, hata akiwa peke yake. Nikachonga muhuri wa duara. Kazi safi, ya nusu saa.

Sista aliisoma barua mara mbili. Akautazama muhuri. Akainuka, akaenda kwenye kioo kilicho juu ya sinki, akaisoma tena humo. Haraka haraka yangu! Nilisahau kugeuza herufi. Aliniuliza kama kamati hiyo inakaa ndani ya kioo.

Nimemwambia nitafikisha swali lake kwa wajumbe.

Jumatano, tarehe 5

Jambo limetokea. Rangi amevuka barabara na kuingia dukani kwangu, kwa mara ya kwanza. Alitazama chini, akaisifu meza yangu, akasifu hata feni ambayo haizunguki. Kisha akasema:

"Jirani, nasikia chanjo imefika. Wako bado, na wangu bado. Twende pamoja keshokutwa?"

Hapo hapo nikaiona picha yote, tena ya rangi. Nikamwona kinyozi akihadithiwa jinsi Rangi alivyomtoa mwenye kivuli kwenye matatizo. Na isitoshe, nina mpango wangu wa Ijumaa, uko tayari kabisa, haumhitaji.

"Imekwisha jana," nikamwambia.

Aliamini papo hapo. Ndilo lililonishangaza. Ukimwambia mzazi bei ya kopi anabisha robo saa. Ukimwambia chanjo imekwisha haulizi swali la pili. Alitikisa kichwa, akasema basi tena, watasubiri. Akavuka akarudi kwake.

Mke wangu sijamsumbua na habari hii. Ana madaftari ya kusahihisha.

Ijumaa, tarehe 7

Mpango. Dada yangu ana mtoto wa kiume, miaka miwili na nusu, mdogo wa umbo kama baba yake. Sista anahesabu vichwa. Kichwa ni kichwa. Akishafungua chupa hawezi kuifunga. Habari ya sindano ya huyo wa nne tungeijua mbele ya safari.

Nilimwambia dada kwamba nampeleka mpwa wangu kutembea. Nikamvisha kofia ya binti yangu, nikamviringisha shali mpaka puani, nikamwahidi pipi kama atalala. Mke wa mwashi alikuwa ameshafika, mapacha wote wawili. Sista akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akaanza kunawa mikono.

"Mjomba," likasema shali, "nataka kukojoa."

Sista aliacha maji yakitiririka. Akaja, akafunua. Akaniuliza huyu ana miezi mingapi. Nikasema minne na kitu. Akauliza meno yote haya ni ya lini. Nikasema ukoo wetu unawahi. Wakati huo mpwa wangu alishateremka mwenyewe, akavua kofia, akampa Sista shikamoo, akauliza choo kiko wapi.

Sista hakugomba. Alikausha mikono, akairudisha chupa kwenye kisanduku cha barafu.

Mke wa mwashi alisubiri mpaka saa sita, labda angetokea mwingine. Hakutokea. Alipokuwa anajifunga watoto, mmoja mbele, mmoja nyuma, aliniuliza kwa upole kama kweli mtaa wetu mzima hauna mtoto mchanga mwingine. Nikamwambia mtaa wetu ni wazee watupu.

Mpwa wangu amedai pipi yake. Nimempa. Hakuwa ameitimiza ahadi, lakini ningemnyima angekwenda kumsimulia mama yake.

Jumamosi, tarehe 8

Siku njema kuliko zote mwaka huu! Rangi hajafungua. Wateja wake wote wamevuka kuja kwangu, foleni hadi kizingitini. Mmoja alitaka picha ya harusi itoke na rangi zake. Nikamweleza kwamba kopi nyeusi inaficha kasoro za bwana harusi, akakubali. Nilipiga mluzi tangu asubuhi. Nilifikiri labda mashine yake imeungua. Niliomba iwe imeungua kidogo tu, si sana, maana mimi si mtu mbaya.

Saa kumi mke wangu akaingia dukani. Akaniambia niache mluzi. Binti wa Rangi yuko hospitali kubwa tangu alfajiri. Nimonia.

Nilizima mashine. Mteja aliyekuwa ananisubiri alinung'unika, sikumbuki nilimjibu nini.

Jumapili, tarehe 9

Tumekwenda kumwona. Wadi ina vitanda kumi na viwili, kila kimoja kina mama aliyekaa ukingoni. Mtoto ana mrija puani. Kila akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani, kama kuna mtu anaivuta kutoka upande wa pili. Rangi alikuwa amesimama ameushika ule mrija kwa vidole viwili usijikunje. Alinishukuru kwa kuja. Afadhali angenitukana.

Mkewe alikuwa anazungumza na mke wangu. Sauti ya chini, lakini nilisikia.

"Tulikuwa tuje Ijumaa, shoga. Baba yake akaambiwa chanjo imekwisha."

Mke wangu hakuuliza aliambiwa na nani. Alitazama viatu vyangu muda mrefu sana.

Kabla ya kuondoka nilimvizia daktari kwenye korido nikamuuliza, kama mzazi tu mwenye udadisi, sindano ya Ijumaa ingemsaidia mtoto aliyeugua Jumamosi? Akasema hapana, mwili unahitaji siku kadhaa kujijenga. Nilitamani nimkumbatie. Njiani nikamweleza mke wangu hayo yote kwa mpangilio mzuri: kwanza daktari mwenyewe amesema, pili kwa hiyo sina kosa.

Alisimama katikati ya njia.

"Hilo hukulijua ulipomdanganya," akasema.

Jioni nimemlaza binti yetu kifuani nikahesabu pumzi zake. Nilipotea kwenye hesabu, nikaanza upya. Mke wangu alinikuta hivyo, akanichukulia mtoto.

Jumatatu, tarehe 10

Mke wangu ameomba ruhusa kwa mara ya tano. Sijui alimwambia nini mwalimu mkuu, lakini nasikia hakuzungumzia tena wale hamsini na sita.

Nilimfuata kliniki kwa umbali wa heshima. Alimuuliza Sista swali moja: ni watoto gani wengine ambao tarehe zao zimepita? Sista akafungua rejista kubwa yenye jalada lililobanwa kwa plasta. Majina kumi na moja. Namba za simu pembeni. Wote walikuja mara moja, mara mbili, wakaambiwa warudi, wakachoka. Kwa nini hakuwapigia? Kwa sababu simu ya kliniki haina salio tangu ahamie hapo, na yake mwenyewe huitumia kuwaita wajawazito.

Mke wangu akaketi kwenye ngazi, akapiga namba moja baada ya nyingine kwa sauti ile ya darasa la pili. Wengine walidhani wanatapeliwa. Wengine walimtaka amlete Sista azungumze mwenyewe. Robo tatu ya saa, basi.

Nikamwambia ndicho hasa nilichokuwa nakielekea. Akanipa karatasi na kalamu, akaniambia nimwandikie orodha safi, bila muhuri.

Jumanne, tarehe 11

Walikuja wanane. Chupa mbili, hakuna tone lililomwagwa. Mke wa mwashi alikuwa wa kwanza. Mapacha walilia kwa zamu, kama waliopangiana. Alipomaliza alikaa tu dakika mbili na mikono mitupu, maana Sista alikuwa amewashika wote wawili.

Mimi nilimshika binti yangu paja. Alilia pumzi tatu akanyamaza. Mimi ndiye niliyeambiwa nikae chini na kupewa maji.

Ya tatu ni baada ya wiki nne.

Alhamisi, tarehe 13

Binti wa Rangi ametolewa mrija tangu jana, leo yuko nyumbani. Anakohoa bado, ila ananyonya. Daktari amesema akishapona kabisa apelekwe akachanjwe.

Jioni Rangi alivuka barabara tena. Kwa uso wake nilijua anajua kila kitu. Nilijiandaa. Lakini hakuutaja ule uongo hata kwa fumbo. Ndivyo alivyo, amejaa dharau. Alisema tu kwamba Sista ameahidiwa chupa moja mwezi ujao, na mwanawe atahitaji watoto watatu wa kwenda naye. Je, ninawajua?

Ninawajua. Wangu na wale mapacha, wanachomwa siku ile ile, dozi yao ya tatu. Hesabu imetimia kabisa bila mtu kutoka jasho.

Nilimwambia nitaangalia.

Alipoondoka nimefungua daftari jipya: Watoto Wachanga wa Mtaa, msimamizi mimi. Kazi hii imethibitisha kwamba inahitaji mtu wa kuipanga, na nimeshapata uzoefu. Nimejaza nafasi tatu. Mke wangu alichungulia akauliza ya nne naiachia nani.

Nimeiacha wazi. Kwanza nione mtu ataniomba vipi.