Mto wa Kukoholea na Pilau ya Zilola

Jumanne, 1 Oktoba

Kifua kinauma nikicheka, nikipiga chafya, na nikimfikiria Norboy.

Naandika ili kumbukumbu iwe sahihi. Nilikuwa mtunza stoo. Kwangu kitu kisichoandikwa hakipo. Hali ya mali ni hii. Kifua: kilipasuliwa katikati, mfupa ukafungwa kwa waya. Mshipa: umetolewa mguu wa kulia ukapelekwa kwenye moyo, na mguu haukuulizwa. Soksi ndefu nyeupe za kubana, za kuvaa kutwa. Mto mdogo wa kukumbatia kila ninapokohoa, mfupa usije ukaachana. Mke wangu Risolat ameushonea foronya ya maua. Yaani mimi, Ergash, fundi wa pilau anayejulikana Samarkand nzima (au tuseme mitaa mitatu), natembea nimekumbatia maua.

Masharti ya daktari: nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Nisiguse mafuta ya mkia wa kondoo. Chumvi ya kuonja tu. Nisikasirike.

Jioni mwanangu Botir akaja na habari. Alikaa karibu na mlango; nikajua si njema. Harusi ya binti yake Zilola haisogezwi. Ni Jumapili ya tarehe 13. Pilau ya alfajiri, ile ya kuwafungulia wageni harusi, atapika Norboy.

Norboy! Mtu wa Tashkent, mji mwingine kabisa! Alioa mtaani kwetu miaka ishirini iliyopita na hajaondoka mpaka leo. Na Norboy anachanganya. Pilau ikiiva, sisi tunaipakua kwa tabaka: wali chini, karoti juu yake, nyama juu kabisa, kila kitu na heshima yake. Yeye anatumbukiza mwiko na kukoroga vyote, kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka.

Harusi zote za ukoo huu nimepika mimi. Zilola alipokuwa mdogo nilimkalisha juu ya gunia la mchele, nikamwambia: yako nitaipika kwa mkono wangu huu.

Daktari alisema nisikasirike. Sikukasirika. Nilikohoa tu, kwa nguvu sana, na mto wangu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Aibu. Nimelia.

Muuza maziwa alipita akipiga kelele "Maziwa!" kama kila asubuhi tangu dunia iumbwe. Machozi yakanitoka. Mchana nikalia tena, safari hii kwa sababu ya katuni ya dubu. Dubu mwenyewe hakuwa na tatizo lolote.

Risolat akampigia simu daktari. Daktari akasema ni kawaida, watu wa moyo hulia hivi kwa muda, itapita yenyewe. Siamini. Kuna bomba walilolegeza wakati wa kazi. Fundi aliyelilegeza arudi alikaze.

Nilimwambia Risolat kwamba ni vumbi. Akauliza: Baba Botir, ndani ya nyumba hii vumbi limetoka wapi, na anayefagia ni mimi? Halafu akaniwekea mkono kichwani, nikalia mara ya tatu.

Azimio: mtaa usijue. Mtu anayelilia dubu hapewi sufuria la harusi. Mpango wa kwanza: nionekane nina nguvu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimetembea hadi mkahawa wa chai. Kumetokea mafanikio makubwa, na soksi moja imeshuka.

Mbinu yangu: pumzi ikikata, nasimama na kukagua ukuta wa jirani, natikisa kichwa, naguna. Watu wanadhani nina maoni. Bahati mbaya pumzi ilikata kabisa mbele ya mlango wa Norboy. Nikaukagua mlango. Nikaukagua tena. Nilikuwa nimefika kwenye bawaba alipotoka mwenyewe, akasema: "Kaka Ergash, umeutazama mlango wangu mpaka rangi imeanza kuona haya. Ingia unywe chai, au tuung'oe uende nao?"

Nikamwambia bawaba zake ni za Kitashkent. Akaniambia soksi yangu imefika kwenye kiatu. Halafu akaleta kiti! Bila kuombwa! Akakiweka kivulini, akarudi ndani na kuniacha peke yangu.

Nilikikalia, ili kumwonyesha kwamba sikihitaji.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimegundua chanzo cha udhaifu wangu. Ni uji wa shayiri. Risolat ananipa uji asubuhi, na jioni ananipa kitu kingine ambacho ukikitazama vizuri ni uji. Mtu hawezi kugeuza mchele wa wageni mia tatu kwa nguvu za uji.

Vyakula vya harusi vimeanza kufika kwenye banda letu. Kuna mikia ya kondoo imening'inia, mizito, myeupe, mizuri. Nikaitazama. Nikalia kidogo. Nikakata kipande, nikakichemsha kwa chumvi Risolat alipokwenda sokoni.

Tatizo: kukificha wapi? Mwanamke huyu anakagua makabati kuliko mimi nilivyokuwa nakagua stoo. Ndipo akili ikanijia. Mto! Daktari mwenyewe ameniamuru nisiuache. Nani atamnyang'anya mgonjwa mto? Nimefumua mshono, nimekitia ndani kwa karatasi, nimeshona tena. Sasa nikikohoa naonja.

Naandika bila unyenyekevu: ni mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga.

Jumatano, 9 Oktoba

Paka.

Nianze kwa utaratibu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hoshim, alikuja kunijulia hali. Nikaona hapo hapo nimwombe sufuria langu. Nilikaa wima. Nikaeleza kwamba nimepona, kwamba kumpa Norboy harusi ya mjukuu wangu ni kuchanganya mila pamoja na karoti. Mzee alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa vizuri. Na wakati huo paka wetu akapanda mapajani mwangu.

Nikamwambia mwenyekiti kwamba wanyama hupenda watu wenye afya. Paka akaanza kuuparura mto. Nikausogeza kushoto, paka kushoto. Nikausogeza kulia. Nikaukumbatia na kujifanya nakohoa. Paka akaingiza kichwa kwapani. Mshono ukaachia. Pamba ikaruka chumba kizima, na kipande cha mafuta kikatua ndani ya bakuli la chai la mwenyekiti.

Risolat akakitoa kwa vidole viwili. Akanitazama. Akampa paka, chote, mbele yangu.

Mzee Hoshim akasema tusubiri nipate nafuu. Uamuzi ni kwamba atapika Norboy. Mimi nije Jumamosi kwenye kukata karoti, nikae na wazee wengine. Nililia. Nikasema ni pamba.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo hakuna mpango. Mvua.

Nausikia moyo. Zamani sikuwahi kuusikia, ulikuwa unafanya kazi yake nami yangu. Sasa nausikiliza kama mtu anayesikiliza gari la kukodi asilojua dereva wake. Ukinyamaza kidogo nanyamaza nao, nasubiri.

Zilola alikuja na sampuli za vitambaa, akakaa miguuni pangu. Akasema: "Babu, mimi sitaki pilau ya nani wala ya nani. Nataka ukae pale nikuone."

Nikae! Kila mtu katika mji huu ananipa kiti. Sikumwambia jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: mwenye kusimama kwenye sufuria ndiye Ergash. Kama simpikii Zilola, basi yule waliyemshona pale hospitali ni nani?

Baadaye. Nimekosea, leo kuna mpango. Norboy ana mbuzi mmoja anayempenda kupita kiasi. Jumapili alfajiri, mchele ukishamiminwa, nitamwambia mbuzi amefungua kamba na anakula waridi za mwenyekiti. Atakimbia. Mwiko utabaki. Wageni wataingia na kumkuta nani kwenye sufuria?

Nimefurahi sana. Nimekunywa uji wote.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kukata karoti. Wanaume wa mtaa wote uani, mbao magotini, visu, karoti za njano mlima mzima. Kelele, mizaha. Nilipewa ubao na kisu chepesi na, bila shaka, kiti.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Botir aliposimama kuwashukuru majirani. Akasema: "Baba yangu, tulidhani hatutakuwa naye leo." Nikaanza kusikia bomba lile linafunguka. Watu arobaini wananitazama! Nikatumia akili. Nikaondoka haraka kwenda kona ya vitunguu, nikakaa mbele ya kapu, nikayaacha machozi yatoke. Nani atamshangaa mtu anayelia penye vitunguu?

Norboy akaja kuchuchumaa pembeni yangu. Akaninong'oneza: "Kaka, vitunguu hivyo bado vina maganda."

Kweli. Hata kimoja kilikuwa hakijamenywa.

Nikasubiri anitangaze. Badala yake akachukua kitunguu kikubwa, akakipasua chini ya pua yangu, akapasua na kingine, kisha akapaza sauti mtaa mzima usikie: jamani, vitunguu vya mwaka huu ni sumu, tazameni, hata Fundi Ergash vimemtoa machozi! Wakacheka wote. Akaendelea kukata kando yangu, macho yake yakimwagika, bila kunitazama, mpaka nilipomaliza.

Sijaelewa anachotafuta. Nimeandika: hila, aina yake haijajulikana. Mpango wa mbuzi uko palepale.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika yote, hata yale.

Alfajiri, baridi. Nyama imeiva, karoti zimelainika, Norboy amemimina mchele, maji yanachemka juu yake. Nikamwendea nikihema kama mtu aliyekimbia (sehemu hii sikuigiza). Nikasema: Norboy, mbuzi wako! Waridi za mwenyekiti! Kamba imekatika!

Alinitazama kwa muda. Halafu akanikabidhi mwiko, akasema basi shikilia hapa, fundi, akaenda nyuma ya lundo la kuni kama anayeelekea mlangoni.

Peke yangu! Mimi na sufuria! Nilisimama nikanusa. Bizari, mafuta, moshi wa mforosadi. Nilikuwa Ergash.

Kwa muda wa kufurahi tu. Maji yakaanza kupungua. Hapo ndipo unapovuta magogo kupunguza moto, ukakusanya mchele kutoka pembeni kuufanya kilima. Nikainua mwiko wa chuma. Ulifika kwenye goti. Nikashika kwa mikono miwili. Kitu kikalia kifuani, kak, kama kufuli. Nikauacha. Nikainama kuvuta gogo. Gogo halikujua hata kama nimelishika.

Halafu nikasikia sauti ile. Maji yakiisha chini ya mchele, sufuria hubadilisha sauti; linaanza kuzomea. Sauti hiyo naijua kuliko sauti ya mke wangu. Baada yake, ukihesabu pumzi chache, ni harufu ya kuungua. Pilau ya Zilola! Wageni mia tatu! Nikamwita Botir. Tarumbeta ndefu zikaanza kulia langoni kuwakaribisha wageni, na hakuna aliyenisikia. Nimekumbatia mto, nalia, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Nikaita: "Norboy! Ndugu yangu, njoo!"

Sijawahi kumwita ndugu. Nilitaka tu wali usiungue.

Akatokea nyuma ya kuni. Muda wote alikuwa pale! Akavuta magogo, akarudisha moto nyuma, akaupandisha mchele kilima. Nikamuuliza, na mbuzi? Akasema mbuzi alimchinja tangu majira ya kuchipua, kaka, mtaa mzima ulikula maini yake, na wewe ulikula vipande viwili. Halafu akaleta kiti akakiweka karibu na sufuria, mahali ambapo kila anayeingia angekiona. Akauliza kwa sauti kubwa: "Fundi, nitoboe mchele wapi mvuke upite? Amri ni yako."

Nikakaa. Nikaamuru. Pale, pale, na pale. Akatoboa. Nikaonja chumvi kwa punje moja. Nikasema inatosha. Wageni wakapita mmoja mmoja wakanisalimia mimi kwanza.

Na wakati wa kupakua, Norboy alipakua kwa tabaka. Wali, karoti, nyama. Hakuchanganya hata sahani moja. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mkono umechoka tu.

Zilola alitazama upande wangu. Akaniona. Nililia mbele ya watu wote, na nadhani wote walidhani ni moshi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetulia, sasa natathmini.

Daktari amenipima. Waya uko mahali pake. Alinigombeza kwa dakika nyingi mno kwa mtu aliyeniambia nisikasirike.

Masomo ya harusi. Moja: Norboy ameishiwa nguvu. Hata kuchanganya hawezi, amekiri mwenyewe kwamba mkono umechoka. Anazeeka, maskini. Mbili: alitaharuki mbele ya sufuria mpaka akaomba amri zangu. Tatu: mpango wa mbuzi ulikuwa mzuri, kasoro ilikuwa kwa mbuzi.

Tangu jana Norboy anapita kila asubuhi, ananichukua tutembee hadi mkahawani, polepole, amebeba kile kiti begani. Anasema eti anataka nimfundishe habari za mchele. Ni upelelezi. Namfundisha uongo kidogo, namwacha abebe kiti.

Mwezi ujao mjukuu wangu mdogo anatahiriwa. Wageni mia nne. Sufuria litakuwa langu, maana nitakuwa na nguvu, na nguvu hazitoki kwenye uji. Tatizo ni Risolat: kila jioni anaubonyeza mto pande zote kama anayechagua tikiti maji.

Lakini soksi haikagui mtu. Soksi ndefu, za kubana, zimeagizwa na daktari mwenyewe! Kipande kimoja cha mafuta ya mkia, chembamba, kwenye karatasi, mguu wa kushoto. Sijui kwa nini sikuwaza hili tangu mwanzo. Hata ninapoandika kiko pale, kinapata joto vizuri.

Paka ameingia. Amekaa mbele yangu, anautazama mguu.

Nimemwambia aende zake. Ameusogelea.