Ombi la Kurudishiwa Mume Wangu Kama Alivyochukuliwa

Kwa Baba Paroko,
Nyumba ya Mapadre, mlango wa pembeni (ule wa mbele kengele yake haifanyi kazi).

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele, amina" kabla hujajua ninataka nini, na tabia yako hiyo ya kuitikia kwanza na kuuliza baadaye ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mimi ni yule fundi cherehani unayenijua, ninayeshona alba zako na kanzu za watumishi wa altare. Si mtu wa magomvi. Ugomvi wangu na katekista ulikwisha zamani, na yeye ndiye aliyeanza. Nimesikia kwamba Jumamosi baraza la parokia litakaa kuamua kama Viziwi waendelee kusali nasi Misa ya pili, pale mbele, pamoja na mkalimani wao, au wahamishiwe kwenye lile darasa la watoto wa komunyo ya kwanza nyuma ya vyoo. Naandika kuliunga mkono darasa. Wako watakaokwambia wahamishwe kwa sababu mikono yao inawaondolea watu ibada. Hao usiwasikilize, hawana hoja. Mimi ninazo, na nimezipa namba ili usiziruke ukisoma kwa haraka.

1. Benchi. Benchi la pili upande wa kulia ni letu. Haikuandikwa popote, ila kila mtu anajua. Sasa limekaliwa na Viziwi, kwa kuwa wanahitaji kuiona mikono ya Mwalimu, yule mama wa shule ya msingi anayewatafsiria. Mimi na wifi yangu tumesukumwa nyuma ya nguzo. Nguzo naiona vizuri sana, Baba. Ni nguzo nzuri.

2. Mume wangu. Hapa ndipo penyewe. Watu humwita Mashine, maana maisha yake yote ya kazi alisimama kando ya mashine ya kusaga nafaka, na ile injini ikamla masikio kidogo kidogo, mpaka siku moja nikamwita nikiwa nyuma ya mgongo wake, nikamwita tena, asigeuke. Akaacha kuja Misani. Alisema kukaa kanisani bila kusikia ni kutazama samaki wakipumua. Baadaye akaacha na kusema, kwa sababu sauti yake haisikii, na siku moja dukani aliomba sabuni kwa kelele mpaka watu wakacheka. Tangu siku hiyo sabuni nanunua mimi.

Nikazoea. Tena nikwambie kweli, nyumba ilitulia. Nilikuwa na mume anayeitikia kwa kichwa kila nisemalo. Nikisema bati linavuja, anaitikia. Nikisema ndugu zake ni watu wa ajabu, anaitikia, na wifi yangu akiwa amekaa hapo hapo. Wanawake wenzangu walinionea kijicho.

Ndipo Seremala, huyu kiziwi kiongozi wao, akaja kututengenezea mlango. Alikuja kwa ajili ya bawaba, akaondoka na mume. Jumapili alimpitia, akamketisha kwenye benchi (rejea namba 1), na mtu mzima akanirudia nyumbani ana mikono. Zamani alikuwa nayo pia, ila ya kushikia kikombe.

3. Macho. Sasa hivi nikianza kumwambia jambo lenye uzito, kwa mfano viatu vyake mlangoni, mzee anafumba macho. Basi. Kiziwi akifumba macho ameshatoka nyumbani na ufunguo kaenda nao. Nibaki naongea na kope. Mwalimu ameniambia kwamba kwao huo ni utovu mkubwa wa adabu, na kwamba mzee amekatazwa. Haachi. Na ameiga wapi? Kanisani kwako! Usisahau ile Jumapili ulipohubiri mpaka mishumaa ikainama, Seremala akafumba macho, akafuata msusi aliyekaa naye, kisha benchi zima, nawe ukaona, ukasema amina katikati ya sentensi. Sisi wenye masikio tulikuwa tumekohoa miaka na mikaka bila mafanikio. Hilo la mahubiri, kwa kweli, silalamikii. Nalalamikia kope za nyumbani kwangu.

4. Maungamo. Hili limeniumiza. Kwa vile mikono haiungami gizani, nawe siku hizi umejifunza kuisoma, ulihamishia maungamo ya Viziwi sakristia, ukawasha taa, mlango wenye kioo ukaufunga. Vema. Wenyewe wana desturi yao: mwenzao akiwa ndani, wote walio kwenye foleni hugeuka kuutazama ukuta, kimya, mpaka atoke. Wazima tuliokuwepo siku ile tulibaki tumekielekea kioo. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi sikuambiwa.

Mume wangu aliingia. Hakuwa ameungama tangu masikio yake yakiwa mazima, na nilidhani atamaliza upesi, maana dhambi zake zote nazijua. Haikuwa hivyo. Mikono ilikwenda, ikaenda. Sikuelewa kitu, isipokuwa kimoja: alizungusha mkono hivi, kama ninavyozungusha gurudumu la cherehani yangu, na akarudia, na akarudia tena, halafu akajipangusa macho kwa kiganja. Wewe ukainamisha kichwa. Baba, mimi nimeolewa na mtu huyu ujana hadi uzee, sijawahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake. Nimefanya nini mimi?

Najua siri ya maungamo. Ila siri hiyo, kwa ninavyoielewa, imefunga mdomo. Sisi tunazungumzia mikono. Nakuomba Jumapili, nikipita kutoa sadaka, kama ni jambo baya juu yangu ushike kidevu. Kama si baya, shika miwani. Hakuna atakayejua.

5. Jina. Nilimwendea Mwalimu nikamwonyesha ile ishara ya gurudumu, nikamuuliza hiyo ni dhambi gani. Akacheka. Akasema si dhambi, ni mimi. Kumbe Viziwi humpa kila mtu jina la mkono, na hawalitoi ovyo. Lazima wawe wamemjua mtu. Lako ni kusukuma miwani puani (ndiyo maana nimesema Jumapili ushike miwani kwa uangalifu, wasije wakadhani unajitambulisha). La wifi yangu ni pochi iliyobanwa kwapani. Langu walishindwa kulitoa, kwa sababu hawanijui, sijawahi kuwasalimu. Akalitoa mume wangu. Basi nina jina sikuliomba, nimebatizwa bila mimi kuwepo, na wanaoniita kwa jina hilo wako benchi la pili wakati mimi niko na nguzo. Je, Kanisa linaruhusu?

6. Sebule. Ulitangaza kwamba jumuiya ya Viziwi itatafakari Injili kwenye nyumba za wanajumuiya kwa zamu. Zamu ikaja kwangu. Sikuwa na neno. Nikachemsha chai, nikatoa vikombe vya wageni, nikakaa. Wakasoma ile ya yule kiziwi ambaye Bwana wetu alimtia vidole masikioni. Mikono ikaanza. Baba, sijapata kuona watu wanaobishana hivyo bila kuamsha mtoto. Walicheka mpaka meza ikatikisika na chai yangu ikamwagika. Seremala akasimama, akaigiza umati, akaigiza masikio, akakaa. Wote wakamwelewa. Mimi peke yangu, kwenye sebule yangu, juu ya kiti ambacho kitambaa chake nilikishona mwenyewe, ndiye niliyekuwa kiziwi. Nilitabasamu tu kama walivyotabasamu. Nikaitikia kwa kichwa. Niliona haya, na niliumia.

Mwalimu akanihurumia, akanidokeza machache. Seremala alikuwa anasema Bwana hakuanza na neno. Alianza na vidole, na hapo ndipo yule mtu alipojua kwamba kuna anayesema naye. Msusi akasema alitolewa kwenye umati ili asigeuzwe sinema. Halafu mume wangu akanyanyua mikono, wote wakamgeukia. Alisema kwamba yule mtu wa kwenye Injili aliletwa na watu, na kwamba yeye Mashine alingoja miaka barazani kuona nani atamleta, mpaka akadhani Mungu naye amenyamaza.

Barazani kwetu, Baba! Hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu! Mimi nilidhani anapumzika. Nilikuwa nampelekea chai. Na neno hilo, badala ya kuniambia mimi mkewe, amewaambia seremala, msusi na birika.

7. Maandiko. Usije ukaniambia sina Maandiko. Bwana wetu alimpeleka yule kiziwi pembeni. Pembeni! Kama hilo si darasa la nyuma ya vyoo, ni nini? Pili, Mtume ametuandikia kwamba imani huja kwa kusikia. Nilimpelekea Seremala hoja hiyo kupitia Mwalimu, naye akaniuliza, kwa kuwa mimi nina masikio mawili mazima, wiki iliyopita ulihubiri nini. Swali hilo nimeliona halina heshima na sikulijibu. Tatu, Zakaria. Alitoka hekaluni hawezi kusema, na mkewe Elisabeti akaishi naye hivyo mpaka mtoto akazaliwa, wala haikuandikwa popote kwamba alilalamika. Wifi yangu anasema hiyo ndiyo ilikuwa miezi bora ya ndoa yao. Lakini soma mbele: majirani wakaanza kumwashiria mzee wa watu kwa mikono, na siku hiyo hiyo ulimi ukafunguka na utulivu wa Elisabeti ukaisha. Majirani, Baba. Siku zote ni majirani.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

Viziwi wahamishiwe darasani Jumapili hiyo hiyo.

Madirisha ya darasa yawekwe mapazia mazito, nitayashona bure, ili mikono isionekane na wapita njia wakashawishika.

Mikono itumike kanisani tu, kama ubani, na mtu akishavuka geti aiweke mfukoni. Wasio na mifuko nitawashonea.

Mume wangu arudishwe katika hali aliyochukuliwa, yaani kimya, barazani, anaitikia kwa kichwa.

Ikishindikana, basi apewe waraka wenye muhuri wa parokia unaomwamuru, kwa utii mtakatifu, kuacha macho wazi tangu mkewe anapoanza kusema mpaka mkewe mwenyewe atakaposema amina.

Ikishindikana na hilo, nitamwandikia Askofu, ambaye kofia yake naijua kipimo.

Nakutakia afya na mahubiri mafupi. Nisalimie katekista, ajue sina kinyongo. Nisalimie mpishi wenu, na mlinzi wa geti, na Masista wote pamoja na yule anayenidai vifungo. Mpiga ngoma naye mwambie salamu zangu zimemfikia, ingawa Jumapili iliyopita alitupoteza njia. Wifi yangu anakusalimu pia. Yupo hapa, anasoma begani kwangu na anasema nimekuwa mpole mno.

Ni mimi, mwanaparokia mtiifu,
Fundi wa alba zako,
mke wa ndoa wa Mashine.

Tanbihi.

Baba, barua hii usiipeleke kwenye baraza la parokia. Niliiacha juu ya cherehani nikatoka kwenda kumsindikiza wifi, na niliporudi nilimkuta mzee ameishika, anasoma. Nikasimama mlangoni. Alisoma yote, na mapazia, na mifuko, na aliporudi kwenye namba nne akaisoma upya, taratibu. Nilingoja afumbe macho. Hakufumba.

Akasema. Kwa mdomo, Baba. Sauti yake ilitoka juu mno na imepinda, kwa kuwa hakuitumia siku nyingi, na nadhani nyumba zote za jirani zimesikia. Alisema huna haja ya kushika kidevu wala miwani, atanieleza mwenyewe alichoungama siku ile. Alikwenda kuungama kwamba amesahau sauti yangu. Anakumbuka ya injini, anakumbuka ya mama yake, yangu ameitafuta hata haipati, akaona huo ni wizi, mke anakuita kila siku na wewe umempoteza ndani ya kichwa. Alidhani ni dhambi. Akasema ulimwambia si dhambi, naye hakukuamini, kwa hiyo anaomba nimsamehe mimi.

Nilikuwa na majibu tele, unanijua. Nikafungua mdomo, nikaona hautanifaa kitu.

Kwa hiyo Jumamosi nitakuja kwenye kikao cha baraza, na atakayetaka kuwapeleka Viziwi nyuma ya vyoo ajiandae kunipeleka na mimi, na alba zote zilizo kwangu zibaki bila pindo. Mwambie na Mwalimu aniwekee nafasi kwenye darasa lake la lugha ya mikono, mbele, nisizibwe na mtu. Tangu mchana mzee ananifundisha, na anacheka, na hana huruma, ati vidole vyangu vina kigugumizi. Mpaka sasa najua kusema "njoo", "samahani" na "chai". Nina mengi sana ya kumwambia mtu huyu, Baba, na kwa maneno matatu hata ugomvi mmoja siwezi kuuanza.